Programu ya Maji na Barua ya Tarehe ya Uongo

Siku ile Mwenyekiti aliponiwekea barua mezani nilipaswa kukataa. Nafasi ya kukataa nilikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyenishika shati. Barua ilisema kwamba Winfrida Kapinga, mtoto wa dada yangu Kolumba, aliajiriwa na jumuiya yetu ya watumia maji kama msaidizi wa fundi mkuu, na kwamba chochote atakachokitengeneza akiwa kazini ni mali ya jumuiya. Tarehe iliyoandikwa juu ilikuwa ya miaka miwili nyuma, na karatasi ilikuwa bado ina joto la mashine. Chini paliachwa nafasi ya saini ya fundi mkuu. Fundi mkuu nilikuwa mimi. Nikatia saini.

Winfrida hakuwa mwajiriwa wetu hata siku moja. Tulimkodi kwa kazi moja, kutuandikia programu ya kompyuta ya kugawa maji, naye akaifanya nyumbani kwao Kigonsera, kwa kompyuta yake, kwa saa alizojipangia. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Mwenyekiti, kwa hiyo nilijua yote hayo. Na ndiyo sababu saini yangu ilitafutwa kuliko ya mtu mwingine. Nani angebisha, ikiwa mjomba wake mwenyewe amethibitisha?

Nawaandikia ninyi mnaoandika programu kwa kukodiwa, na ninyi mnaowakodi. Mimi si mtu wa kompyuta. Nilisoma hadi kidato cha nne, kisha nikashika spana kwa miaka thelathini na moja. Suala la nani mwenye haki ya programu sikulisoma popote. Nililijua kwa kuliharibu.

Mradi wetu huchukua maji kwenye chemchemi juu ya milima ya Umatengo na kuyashusha kwa mserereko, bila pampu, hadi vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Ngumbo. Njiani kuna matangi sita na vali ishirini na saba. Masika hakuna ugomvi. Kiangazi kikikaza, ukifungulia kijiji kimoja umekifungia kingine, na kazi ya fundi mkuu ni kujua vali ipi ifunguliwe, lini, na kwa mizunguko mingapi.

Aliyenifundisha ni Mzee Alkwini, ambaye masikio yake yalikuwa vipimo vyetu vyote. Aliweka kichwa cha spana juu ya bomba na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Siku ya kwanza aliniachia nami nisikilize.

"Unasikia nini?"

"Maji, mzee."

"Maji nayasikia hata jikoni kwa mke wangu. Nakuuliza yakoje."

Hewa ikinaswa ndani ya bomba, maji hugugumia kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Yakipita vizuri hutoa mlio mmoja usiokatika. Alinifundisha pia kufungua vali robo mzunguko, kuhesabu hadi sitini, kisha robo nyingine. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka ya kuwahi mpira, nikaifungua vali ya tisa yote kwa mara moja. Bomba lilipasuka chini ya kilima, penye uwanja wa katekista, na maharage aliyokuwa ameanika yakateremka kuelekea ziwani. Mzee Alkwini alinipa ungo. "Okota," alisema. "Na mpira umeisha mbili bila, nimekusikilizia redioni."

Alipofariki, mradi mzima ulibaki kichwani mwangu. Hakuna kilichoandikwa. Niseme ukweli, nilipenda hali hiyo. Nikienda msibani siku tatu, kijiji kimoja au viwili vilikosa maji, na watu walinisalimia kwa furaha niliporudi. Mtu huzoea kusubiriwa.

Winfrida aliponitembelea baada ya kumaliza chuo alinikuta nimefunga goti kwa kitambaa.

"Mjomba, ukianguka leo huko juu, watu wa chini watakunywa nini?"

"Sianguki."

"Hilo goti umeliambia?"

Nilicheka, nikamwambia aje aone kazi kabla ya kunichambua. Akaja. Alitembea nami wiki tatu, kutoka chemchemini hadi ziwani, akiwa na daftari. Kila nilipotaja mizunguko aliuliza sababu. Kwa nini mitatu na si minne? Kwa nini asubuhi? Hakuna aliyekuwa ameniuliza sababu tangu Mzee Alkwini, na nilijikuta naeleza mambo ambayo sikujua kwamba nayajua.

Programu aliyoandika ilifanya kazi hivi. Kila asubuhi watunza matangi walipima kimo cha maji kwa fito zenye alama, wakatuma namba kwa ujumbe wa simu. Kompyuta ya ofisini ilizikusanya, ikakokotoa, ikawarudishia watunza vali ujumbe: vali ya saba, mizunguko mitatu, hadi saa nne. Kiangazi cha kwanza vijiji vya ufukweni vilipata maji kila siku. Mke wangu alinikuta nyumbani saa tano asubuhi nikinywa chai, akaniuliza kwa upole kama nimefukuzwa kazi.

Sasa sikilizeni kosa letu la kwanza, ambalo lilikuwa la wote. Kwetu mtu akiwa na kazi kubwa shambani huita ngokela. Majirani na ndugu wanakuja na majembe yao, wanalima, wanakula, wanakunywa, wanarudi makwao. Hakuna anayeandika karatasi kwenye ngokela. Tulimchukua Winfrida kwa namna hiyohiyo. Tulimlipa, tena kiasi tulichopatana na kwa wakati, hilo halikuwa na malalamiko upande wowote. Lakini programu itakuwa ya nani, nani ataruhusiwa kuirekebisha, naye akiitwa kwingine aende na nini, hayo hatukuyagusa. Alikuwa binti yetu. Kuyauliza kungeonekana kama kumshuku.

Baada ya miaka miwili mradi mwingine wa maji, upande wa Namswea, ukasikia habari zetu ukamwita. Akaja kwangu kuniaga na kunieleza. Angetumia sehemu za programu zinazopokea ujumbe wa simu na kuzipanga namba, ambazo nyingi, alisema, aliziandika akiwa chuoni kabla hata hajaujua mradi wetu. Kanuni za vali zetu, mizunguko na saa, asingezigusa, maana kule mabomba ni mengine.

"Nawe ukiulizwa, Mjomba, utawaeleza nilivyokodiwa?"

"Nitawaeleza."

Nilimwahidi hivyo, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwangu, anamsaidia mke wangu kumenya mihogo.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwaminifu kwa mali ya jumuiya kupita kiasi. Aliposikia habari ya Namswea alisafiri hadi Songea kuonana na mwanasheria. Akarudi na maelezo ambayo alinisomea kutoka kwenye daftari lake. Kama aliyeandika programu ni fundi wa kukodiwa, mambo hutegemea mlivyopatana, na kama hamkuandika, jiandaeni kwa mvutano mrefu. Kama ni mwajiriwa aliyeitengeneza katika kazi yake, basi mwajiri ana pa kusimamia.

"Kwa hiyo alikuwa mwajiriwa," alisema.

"Hakuwa, Mwalimu."

"Fundi, ukimwita kibarua akuchimbie ngoro shambani kwako, akimaliza anaondoka nazo?"

Ngoro ni yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko yetu ili mvua isibebe udongo. Anayechimba akilipwa huondoka, na mashimo hubaki na mwenye shamba. Kwa mtu wa Mbinga hilo halina mjadala. Mwenyekiti akaisogeza karatasi. Mkutano wa wanachama ulikuwa Alhamisi, hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Huyo binti amebeba kichwa chako," alisema. "Miaka thelathini yako. Anakwenda kuipanda kwa wenzako."

Naomba msiweke lawama yote kwake. Neno hilo lilinipata kwa sababu nilikuwa nimeshaliwaza mwenyewe. Tangu programu ianze, watu hawakunisubiri tena. Walisema maji ya Winfrida. Wageni walipokuja kutembelea mradi walipiga picha na kompyuta, mimi nikaombwa nisogee kidogo. Nilitia saini nikijiambia nailinda mali ya jumuiya, lakini mkono ulisukumwa na wivu, nami nilijua hivyo wakati kalamu inatembea.

Alhamisi ukumbi wa shule ulijaa. Winfrida alikaa mbele, amevaa kitenge cha mama yake. Mwenyekiti alieleza hoja yake ya ngoro na watu wakatikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja wa kijiji cha juu akasema kwa sauti, "Mwambieni aache na tope la miguuni," wakacheka. Winfrida naye alitabasamu, akasimama.

"Shikamooni wazee. Ngoro nawaachia, ni zenu. Namba zote za vali, saa zote, utaratibu wote wa mradi huu ni wenu, sitaupeleka popote. Lakini kibarua wenu alikuja na jembe lake. Mnachoniomba leo ni jembe."

Nilisikia hoja ikiingia vichwani mwa watu, kama maji yanavyosikika yakianza kupita baada ya hewa kutoka. Mama mmoja wa ufukweni alisema, "Ana haki, mtoto wa watu. Jembe ni lake." Wengine wakaanza kumuunga mkono. Tungemaliza hapo. Tungepatana kwa nusu saa, yake yake, yetu yetu, na ruhusa ya sisi kuitumia daima.

Mwenyekiti akaitoa barua kwenye bahasha akaisoma, pamoja na tarehe. Akampa Winfrida aione.

Aliisoma polepole. Hakumtazama Mwenyekiti. Alinitazama mimi.

"Mjomba, hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Na tarehe?"

Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, jua linanipiga ubavuni, jasho linashuka. Watu karibu mia walikuwa wananisubiri. Nilichotakiwa kusema ni maneno manne au matano.

"Kama ilivyoandikwa," nikasema.

Aliikunja barua vizuri kwa mikunjo yake ileile, akaiweka mezani.

"Wazee wangu, nikibisha itabidi niende mahakamani kusema kwamba ndugu wa mama yangu ni mwongo. Sitasema hivyo. Kama nilikuwa mwajiriwa, basi leo nimeacha kazi."

Wiki iliyofuata alileta kila kitu: programu, maandishi yake ya ndani, maneno ya siri, na karatasi aliyoitia saini kwamba amefuta nakala zake zote, pamoja na maelezo aliyochukua kwangu, mbele ya Mwenyekiti kama alivyodai. Jumuiya ikapiga makofi kwenye kikao. Nami nilipiga.

Mwezi huohuo Mwenyekiti alituma nakala ya barua kwa mradi wa Namswea, bila kuniambia. Hawakufanya uchunguzi wowote. Waliogopa kununua kitu cha wizi, wakamwandikia Winfrida kwamba hawatamhitaji. Habari hiyo niliipata kwa dada yangu. Alikuja kwa pikipiki kutoka Kigonsera, akakataa kukaa.

"Kaka, umemwita mwanangu mwizi."

"Sikuandika neno hilo, Kolumba."

"Umeliandika kwa saini yako nzuri, likapigwa mhuri."

Nilitaka kumweleza habari ya mali ya jumuiya. Aliinua mkono kidogo, kama anavyozuia ndama, akarudi kwenye pikipiki.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Mlima ulimeguka kati ya tangi la tatu na la nne, ukabeba bomba mita zaidi ya mia mbili. Tulilaza jingine kwa kuzunguka, refu zaidi na jembamba zaidi, kwa kuwa ndilo lililopatikana. Maji yakarudi, lakini si kama zamani. Mizunguko mitatu ya vali ya saba haikuwa tena mizunguko mitatu, maana bomba lilikuwa jingine. Programu haikujua. Kila asubuhi ilituma amri zake kwa uhakika uleule, nao watunza vali walizitii, maana tuliwafundisha kuzitii.

Tangi la juu likafurika, la chini likakauka. Vali ya tisa ikapasua bomba mara mbili katika wiki moja. Tukamwita fundi wa kompyuta kutoka Songea. Alikaa siku mbili akiyasoma maandishi ya Winfrida, kisha akanigeukia.

"Mzee, hii programu ni yenu kabisa, sina shaka. Ila humu kuna namba mia na kitu, na sijui hata moja imetoka wapi. Aliyeandika yuko wapi?"

Muuguzi wa zahanati ya ufukweni alinipigia simu siku ya sita bila maji.

"Mzee Ndunguru, nina akina mama wawili wa kujifungua. Nimechota ziwani, nachemsha. Kuni zinaniishia. Maji yanakuja au hayaji?"

"Yanakuja."

"Uliniambia hivyo juzi."

Nilikaa kwenye jiwe karibu na tangi la nne nikampigia Winfrida. Nilikuwa na hakika hatapokea, akapokea kwa mlio wa pili.

"Shikamoo, mzee."

Alikuwa hajawahi kuniita mzee. Nilimweleza yote, bomba, zahanati, akina mama. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Programu siwezi kuigusa," alisema. "Nakala sina, nilifuta mbele ya Mwenyekiti wenu. Na nikiirekebisha huko kwenu bila kuajiriwa, ni mali ya watu ninaichezea, barua inasema hivyo. Lakini izimeni leo. Inawadanganya kuliko kutokuwa nayo." Akanieleza polepole jinsi ya kusimamisha ujumbe usitumwe, hatua kwa hatua, akasubiri nimpitishie karani wa ofisini kwa simu yangu ya pili, naye ajibu kwamba umesimama. Kisha akauliza, "Spana unayo?"

"Ninayo."

"Basi sikiliza bomba jipya kuanzia juu, robo robo. Vali ya saba anza na mizunguko mitano."

Nilipanda. Goti lilivimba siku ya pili, nikalifunga nikaendelea. Zahanati ilipata maji siku ya tisa, na wale akina mama walishajifungua salama kwa maji ya ziwa na kuni za majirani. Vali ya saba ilitaka mizunguko mitano na robo.

Niliporudi chini nilifanya nilichopaswa kufanya tangu ile Jumatatu. Niliandika barua nyingine, nikaitia tarehe ya siku hiyo, nikieleza kwamba ya kwanza ilikuwa ya uongo na kwamba Winfrida alikuwa fundi wa kukodiwa. Mwenyekiti aliisoma, akavua miwani yake. "Fundi, umechoka. Goti linakusumbua. Kapumzike," akaifungia barua kabatini. Nilipeleka nakala Namswea mwenyewe. Walinipokea vizuri, wakanipa soda, wakaniambia walishapata mtu mwingine zamani.

Nikaenda Kigonsera. Dada yangu alinikaribisha sebuleni, akaniletea chakula kilichofunikwa na maji ya kunawa, akaniacha nile peke yangu kama afisa kilimo. Winfrida alikuja akasimama mlangoni, akaisoma nakala.

"Ahsante, mzee. Ingekuwa kabla haijafika Namswea ingenisaidia."

"Unaandika programu bado?"

"Nafundisha watoto kuchapa. Kuna shule Njombe imenichukua. Walitaka barua ya mwajiri wangu wa mwisho, nikawapa ile yenu."

Vijana, kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa, kaeni. Andikeni ni kipi fundi amekuja nacho, kinachobaki chake. Andikeni ni kipi kinatengenezwa kwa ajili yenu, na kama ni chenu au mmepewa ruhusa tu ya kukitumia. Andikeni nani atakirekebisha siku mlima ukimeguka. Akiwa ndugu yenu, andikeni kwa uangalifu zaidi, kwa sababu ndugu hatawashtaki, na hapo ndipo mtakapojaribiwa kumdhulumu. Na msije mkadhani mkishinda karatasi mmeshinda kitu. Tuliishinda. Programu ile bado imo kwenye kompyuta ya ofisi, halali yetu, haituambii neno.

Sasa mradi unaendeshwa kwa spana na mtu mwingine, ambaye amejifunza kwangu kwa haraka na kwa kukisia, kwa kuwa mimi sipandi tena mlima. Miaka thelathini na moja ya kazi niliielezea sababu zake mara moja tu, kwa mtu mmoja, naye alizifuta mbele ya Mwenyekiti kwa sababu nilisema uongo. Winfrida aliolewa mwaka jana. Kwetu mjomba ndiye husimama kwa niaba ya bibi harusi. Alisimama binamu yetu kutoka Mbinga mjini, nami kadi sikupata. Saini ile ilimpotezea mtoto wa dada yangu kazi aliyoipenda, na mimi ikanipotezea yeye na mama yake. Hawajanitukana. Hawaji.